Maandishi Chini ya Uso wa Shosho

Nilimwona shosho yangu akiongea miezi saba baada ya kumzika. Na maandishi chini ya uso wake yalikuwa yanadanganya.

Shosho Watiri ndiye alizaa mama yangu, Magdaline. Kabla hajafariki, dada mmoja anaitwa Anita alikuja Karatina na kamera. Amezaliwa Nyeri, akalelewa ng'ambo. Kikuyu hajui hata kusalimia. Alikuwa anatengeneza filamu ya wazee waliopitia Emajensi, ile miaka ya vita ya kupigania uhuru.

Filamu ikashinda tuzo huko nje. Jumamosi moja mchana ikaletwa Nyeri, kwa ukumbi wa kanisa. Tukaenda mimi, mama na baba.

Shosho akatokea na leso yake ya kijani. Akasema kwa Kikuyu, pole pole:

"Yule ngati alichoma nyumba yetu, ndugu yangu mdogo akiwa ndani, sijamsamehe. Nitakufa hivyo."

Ngati ni wale watu wetu waliosaidia mkoloni.

Chini, maandishi ya Kizungu yakasema: "Hayo yalipita. Nimesamehe wote."

Ukumbi ukaguna. Wageni waliokuja na Anita walikuwa wanapanguza machozi. Walikuwa wanalilia msamaha ambao haujatolewa!

Nikasimama.

"Simamisha hiyo kitu! Huyo ni shosho yangu na hajasema hivyo!"

Mama akanivuta sketi. "Kagure, keti chini. Unatuaibisha."

"Niketi aje, mami? Si umesikia?"

Taa zikawashwa. Anita akaja mbio.

"Umemfanya shosho muongo akiwa kaburini ndio upate tuzo!" nikamfokea. "Nani alikuambia amesamehe?"

Akaniangalia. Akamwangalia mama.

"Tafsiri niliandikiwa na mama yako," akasema. "Na jina la huyo ngati, ni yeye aliniomba nilikate."

Mama alikuwa tayari anatoka nje. Nikamfuata mpaka kwa geti, baba akabaki ndani.

"Mami, kwa nini?"

"Niliambiwa itaonyeshwa ng'ambo tu."

"Sijauliza hiyo. Nani alichoma nyumba?"

Akaangalia nyuma kama baba anatufuata.

"Kingori. Baba ya baba yako."

Babu yangu mwenyewe.

"Shosho alijua ukiolewa?"

"Alijua. Ndio maana hakuwahi kanyaga kwangu hata siku moja. Ningemwambia baba yako nini?"

Mnafikiri nilimhurumia? Nilikasirika zaidi. Maisha yangu yote tulikuwa tunasema shosho ni mtu wa madharau, ati hatupendi. Na mama akituacha tuseme!

Nilitafsiri upya, neno kwa neno, na jina nikaliweka. Lakini kabla nimtumie Anita, nilimsomea baba. Mama alinikataza. Nilimsomea mbele yake.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Nilijitayarisha kufukuzwa.

Badala yake akamgeukia mama.

"Magdaline, ungeniambia akiwa hai. Ningeenda nimpigie magoti."

Mama akatoka nje. Mimi nikamtumia Anita ile tafsiri.

Wewe unayesoma hii, kama kuna mzee amekuambia ukweli wake, usimrembeshee. Usijiamulie ati watu hawawezi kuubeba. Baba yangu angeubeba. Ni nafasi tu alinyimwa.