Tundu Moja la Pua

Wiki iliyopita nilimpeleka paka wangu kwa daktari wa mifugo hapa Kashai, makamasi yamemgandia puani. Kabla hajamgusa, daktari aliuliza: "Yanatoka tundu moja au yote mawili?" Yote mawili, nikajibu. Akasema ni mafua yaliyopanda kwenye mashimo ya hewa usoni, akampa dawa, akaniagiza nimpanguse kwa maji ya vuguvugu. Lingekuwa tundu moja angetafuta jino bovu, au unyasi ulionasa, akauvuta kwa kikoleo kidogo. Kazi ya dakika chache. Ndugu yangu, hapohapo nilirudi Muleba, utotoni.

Kwa bibi sakafu ilitandikwa nyasi. Kila Jumamosi nilizikata na kuzitandaza, na tukirudi misa Jumapili nyumba bado inanukia. Zilizobaki, zenye mashuke makali, nilimtandikia mbwa wetu. Nilimpenda kuliko binamu zangu wote.

Siku moja akaanza kupiga chafya. Tundu la kulia likatoa usaha wenye damu, akawa anasugua uso ardhini. Bibi alimkamulia puani omubilizi, majani yale machungu tuliyonyweshwa tukiwa na homa. Nilimshika kichwa, akavumilia. Nami nikazidi kumbadilishia nyasi, alale pazuri.

Kisha jirani yetu akachungulia kutoka kibanja chake, akatangaza kwamba mbwa ana kichaa. Kichaa gani, naye alikula matoke yake na hakumng'ata mtu? Lakini kabla watu hawajamaliza kutafuna punje zao za kahawa jioni ile, kijiji kizima kilikuwa kinajua. Lisemwalo lipo, walisema.

Asubuhi wanaume walikuja na kamba na marungu. Mbwa akajificha migombani, wasimpate. Bibi hakunitazama usoni.

"Mwite wewe, mwana wange. Kwako atakuja."

Nilimwita. Akaja akipiga chafya, mkia unacheza.

Bibi hayupo tena, na nyumba ile ina vigae. Wenzangu tukikutana husikitika kwamba siku hizi hakuna anayetandika nyasi, wakaikumbuka harufu yake. Mimi humkumbuka mbwa. Miaka yote hii nilimchukia yule jirani, na kumchukia kulinipa nafuu. Sasa daktari na unyasi wake wamenipokonya hata hiyo.