Tulitaka Kumwita Babatunde

Baba yangu alifariki masika yakianza, mke wangu akiwa na mimba kubwa. Tulimzika nyumbani, kijijini Daa, pembeni ya shamba la mahindi, na matanga yalipoisha nikarudi Karatu mjini kuendelea na kazi. Mimi ni dereva wa watalii. Kazi yangu ni kuwapandisha wageni Ngorongoro, kuwashusha kreta na kuwarudisha hotelini wakiwa wazima.

Mgeni wangu wa kwanza baada ya msiba alikuwa mzee kutoka Nigeria, Myoruba, mwalimu mstaafu aliyekuwa akisafiri peke yake. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umefunika kreta yote. Tulisimama juu pale wageni wanapopigia picha, tukawa tunatazama weupe mtupu. Akaniuliza mbona niko kimya hivyo. Nikamwambia nimetoka kumzika baba, na mke wangu yuko karibu kujifungua.

Akanishika bega. "Akiwa wa kiume, kwetu hamna mjadala. Anaitwa Babatunde."

Nilicheka kidogo kusikia neno baba ndani ya jina la mbali vile. Akaniambia kwao baba ni baba kama kwetu, na sehemu iliyobaki maana yake amefika tena. Baba amerudi. Ndilo jina la mtoto wa kiume anayezaliwa baada ya babu yake kufariki.

"Ni jina la kawaida sana," akasema. "Simama sokoni kwetu uliite kwa nguvu, utaona wanaume wanavyogeuka. Kila ukoo umefiwa na babu, kwa hiyo jina halichakai."

Ukungu ukafunguka, tukashuka. Siku nzima nilikuwa nikilirudia jina lile kimoyomoyo. Mimi ni kitinda mimba. Baba niliyemjua alikuwa mzee mpole aliyeokoka, aliyenichomea mahindi na kunibeba mabegani kwenda kanisani. Sikuwa tayari kumwacha aende.

Mtoto alizaliwa hospitali ya Karatu mchana wa mvua kubwa, wa kiume. Mke wangu alilipenda jina mara tu nilipomweleza. Alipopata nguvu tukampeleka Daa, kwa mama, apumzike kule kama ilivyo desturi, na mama ampikie uji na kumkanda.

Mama alimpokea mtoto mlangoni. Alimfunua uso, akatabasamu, akamnusa kichwani. "Mmempa jina gani?" akauliza.

"Babatunde," nikasema, na kwa kuwa alinishangaa, nikamtafsiria kwa Kiiraqw, lugha yetu, kwa fahari kabisa. Baba amerudi.

Tabasamu likaondoka. Alimrudisha mtoto mikononi mwa mke wangu kama mtu anayerudisha kitu kilichomuunguza, akaingia jikoni kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Tangu siku hiyo hakumbeba tena. Uji alipika, maji ya kuoga alichemsha, na alimkanda mke wangu kila siku. Lakini mtoto akilia aliita, "Njoo umchukue mwanao," hata akiwa amekaa hatua chache kutoka kitandani. Jina hakulitamka hata mara moja. Mke wangu alinipigia simu analia. "Mama ananichukia," alisema. "Nimemkosea nini?"

Nilidhani ni mambo ya dini. Mama ni Mkristo wa siku nyingi, na kusema marehemu amerudi kunaweza kumtia mtu hofu ya mizimu. Nikamwomba kaka yangu mkubwa, ambaye shamba lake limepakana na la mama, azungumze naye. Kaka aliniita kando ya zizi.

"Badilisha hilo jina," akasema.

"Kwa nini? Kwa sababu wewe ndiye mkubwa na mimi ndiye niliyemrudisha baba kwa jina?"

"Nimesema badilisha. Ukilitaja kanisani siku ya ubatizo, mimi nitatoka nje, na watu wote wataniona."

"Basi toka."

Alinitazama, taya zikimcheza. Nilifikiri atanipiga. Kisha akageuka akaenda zake, na tangu hapo hatukusalimiana. Nilimwona kila nilipokuja kuwaona mke na mtoto, ameinamia jembe, na yeye aliniona. Wazee wa kanisa walishaanza kuniuliza kuna nini. Kadiri walivyoniuliza ndivyo nilivyozidi kung'ang'ania. Nilijiambia hawa hawakumpenda baba kama mimi.

Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo, niliwashusha wageni mapema, nikanunua sukari, mchele na soda, nikaelekea Daa. Barabara ilikuwa tope, lakini moyo ulikuwa mwepesi. Jua lilikuwa bado halijazama. Nilipofika uani nikataka kumchekesha mke wangu, na kumwita mwanangu na kujitangaza mwenyewe kwa pamoja. Nikapaza sauti, kwa Kiiraqw: "Baba amerudi!"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, kwa hiyo niliona yote.

Mama alikuwa ameketi anachambua maharage. Aliruka kutoka kwenye kigoda kama msichana, mwanamke yule ambaye magoti yanamsumbua hata kupanda ngazi ya kanisa. Maharage yakamwagika. Kwa mguu alikisukuma kigoda chini ya meza. Kwa mkono mmoja aliuchukua mwiko mkubwa wa ugali akauficha nyuma ya magunia, na kwa mkono mwingine alimnyakua mtoto wangu aliyekuwa amelala juu ya khanga, akamkumbatia kifuani, akakimbilia mlango wa nyuma. Pale akasimama. Mgongo wake ulinielekea, mtoto amefichwa mbele yake.

"Mama," nikasema. "Mama, ni mimi."

Hakugeuka haraka. Mke wangu alitoka chumbani akabaki ameshika mdomo. Kaka, aliyesikia sauti yangu kutoka shambani, alikuwa ameshaingia uani anahema, jembe mkononi. Sijui alikuja na jembe kwa kuwa alikuwa akilima, au kwa sababu nyingine. Sikumuuliza.

Alimwona mama, akaniona mimi. Akaliweka jembe chini.

"Umeona sasa?" akasema, sauti ikiwa ndogo. "Maneno hayo ndiyo tuliyokuwa tukiambizana utotoni. Mmoja wetu akimwona baba anakuja kutoka mnadani amelewa, anakimbia kusema baba amerudi. Wadogo wanaingia chini ya kitanda. Mama anaficha chochote ambacho baba angeweza kumpigia mtu. Nilipochelewa kukimbia, ndipo sikio hili lilipokufa."

Nilikuwa nikijua kwamba sikio lake moja halisikii. Nilikuwa nimeambiwa ni surua ya utotoni.

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe ulizaliwa akiwa ameshaacha pombe," akasema kaka. "Mama alitukataza. Alisema angalau mtoto mmoja apate baba."

Niliketi kizingitini. Nilimwonea baba hasira, kisha nikamwonea huruma, kisha nikamkumbuka akiyapuliza mahindi ili yasiniunguze, na sikujua niiweke wapi picha hiyo. Mpaka leo sijajua. Mama alikuja akaketi karibu yangu, mtoto bado yuko mikononi mwake. Ilikuwa mara ya kwanza kumbeba tangu siku ile ya mlangoni.

"Alitubu," akasema. "Nilimsamehe, na nilimuuguza mpaka mwisho kwa moyo wangu wote. Lakini kurudi, hapana. Amelala, alale."

"Tumwite nani, mama?"

"Mnaniuliza mimi?"

"Tunakuuliza wewe," mke wangu akajibu kabla yangu.

Hakutujibu jioni ile. Kesho yake kanisani, mchungaji alipouliza jina la mtoto, mimi na mke wangu tulimgeukia mama, na kanisa zima likageuka nasi. Nilimtazama kaka kwenye benchi la mbele, magoti yamekazwa kama mtu anayejiandaa kusimama. Ndipo mama akasogea pale mbele na kulitaja jina kwa sauti iliyofika mpaka milangoni. Ni jina la lugha yetu, lile wanalopewa watoto waliozaliwa mvua ikinyesha. Daa peke yake utawapata wengi. Mchungaji akalirudia huku akimwaga maji, na mtoto akapiga kelele.

Baada ya chakula, wageni walipopungua, mama alimwogesha mjukuu wake kwenye beseni uani, akimmwagia maji kwa kiganja. Kaka alikuwa ameketi karibu yangu, tunakunywa soda moja kwa kupokezana, bado hatujui tuanzie wapi.

"Huyo mzee wa Nigeria," mama akasema bila kuinua kichwa, "hakuwa na jina la wanawake? Bibi akifa?"

"Lipo. Aliniambia. Yetunde. Mama amerudi."

Alilijaribu mdomoni, polepole. Akatikisa kichwa, halafu akaanza kucheka, cheko la tumboni ambalo sikuwa nimelisikia tangu msiba.

"Hilo mniwekee," akasema. "Mimi nikirudi hakuna atakayekimbia."

Kaka akacheka naye mpaka soda ikampalia, nami nikampiga mgongoni. Mama akamtoa mtoto majini, akamfunga khanga, akaniambia nikamletee mafuta.