Cheti Changu na Ukuta wa Mama Mwamini

Niliondoka Kindu kutafuta cheo. Shirika letu dogo la kutunza nyumba za kale lilihitaji mkuu wa mafundi, na mkurugenzi akanieleza kwamba miaka yangu kumi na minane ya kushika mwiko ni mizuri mno, ila haina muhuri. Muhuri ulikuwa Kisangani, kwenye mafunzo ya siku tano.

Hadi Ubundu nilikwenda kwa boti, nimekaa juu ya magunia ya mchele. Kutoka hapo maporomoko hayaruhusu chombo kupita, hivyo nikapanda pikipiki kupenya msituni. Dereva aliniangusha mara mbili tu, nami nikamshukuru kwa uangalifu wake.

Kisangani, siku ya kwanza, mkufunzi alituagiza kila mmoja achore ngazi, ajiweke juu kabisa. Hayo ndiyo maendeleo ya kikazi. Mimi nimepanda ngazi maisha yangu yote. Kumbe ilitakiwa kuchorwa. Jirani yangu darasani, Béatrice, fundi mwashi kutoka Yahuma, alichora nyumba.

Siku ya nne tulipelekwa kwa Mama Mwamini, mjane anayeishi katika nyumba ya udongo iliyojengwa na babu yake mfanyabiashara. Mkufunzi akaamuru tupige ukuta lipu ya simenti. Simenti hufungia unyevu ndani ya udongo, ukuta ukaoza taratibu. Nililijua hilo vizuri. Nikaikumbuka ngazi yangu, nikanyamaza.

Béatrice hakunyamaza. "Monsieur, ukuta hii iko ya udongo," alisema. "Ukiifunga na simenti, maji itabakia ndani. Itaanguka."

Mkufunzi alimshukuru kwa mchango wake, kisha akamwomba akasubiri nje mpaka ajifunze kushirikiana. Mimi nilishirikiana. Lipu yangu ilisifiwa mbele ya wote.

Siku ya tano nilipewa cheti na makofi. Béatrice alipewa soda.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kumuaga Mama Mwamini. Aliniwekea lituma, ndizi zilizopondwa, pamoja na samaki, akangoja nimalize kula.

"Papa, ule mama alisema kweli?"

"Kweli, mama."

"Na wewe ulijua?"

Nikakiri kwamba nilijua tangu mwanzo. Hakunitukana, ningependelea anitukane. Aliingia ndani, akarudi na nyundo na patasi.

"Bon. Toa."

Nilibandua lipu siku mbili, pikipiki yangu ikaondoka bila mimi. Béatrice alikuja siku ya pili, akakanda udongo na majani makavu, akaniacha nibandue peke yangu.

Nilipofika Kindu, mkurugenzi aliuliza nimejifunza nini. Nikamwambia kwamba lipu ya simenti hupigwa kwa asubuhi moja na kubanduliwa kwa siku mbili, na kwamba anayefaa kuwa mkuu wa mafundi yuko Yahuma, hana cheti. Alicheka sana, akanisifu kwa unyenyekevu, akanikabidhi funguo za ofisi.

Nikazipokea.