Nilivyomwelekeza mtani wa kwenye game hadi stesheni alikoshukia binti yangu

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Hii siyo chai, hata majani yake sina. Yamenikuta mwenyewe.

Mimi ni mama wa miaka 39, fundi cherehani hapa Ng'ambo, Tabora. Na ni mcheza game. Siyo zile za kwenye simu, za kompyuta, online kabisa. Chekeni tu, nimeshazoea.

Kuna watu wanasema game za online ni za wenye hela. Siyo kweli. Nina desktop ya mtumba niliyouziwa na jamaa aliyefunga stationery yake, inaunguruma kama mashine ya kusaga. Nachagua game za bure zinazofunguka kwenye browser. Update zote za kompyuta nimezima, video sifungui, hivyo bando la wiki linamaliza wiki. Na ndani ya game sinunui kitu. Wenye haraka wananunua mawe ya bluu ya kuharakisha ujenzi ili ghala likamilike leo, mimi naliacha lijengwe siku tatu huku nashona sare za shule.

Game yenyewe unajenga kijiji, unalima, unatuma misafara ya biashara. Ukikaa peke yako unavamiwa, kwa hiyo nilijiunga na kikundi cha Watanzania.

Humo nikamkuta mmoja anajiita Baba wa Ugogo.

Siku aliyojua mimi Mnyamwezi akaandika, "Kumbe mpagazi wangu! Tua mzigo unywe maji." Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kulikoni.

Kwa msiojua: wazee wetu walikuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, wanapita Ugogo, na huko ndiko utani ulikoanzia. Mtani anakutukana unacheka. Anabeba kuku wako mchana kweupe, unacheka. Hata msibani anazuia jeneza mpaka apewe chochote. Nimelelewa hivyo, ukinuna unaonekana hukufunzwa.

Nikamjibu, "Wewe ndiye uliyemnyima babu yangu maji, nataka kisima kizima."

Tukaendelea hivyo miezi minne. Akawa ananitumia mawe ya bluu ya bure, na mimi kwa bure, wakuu, nina ugonjwa. Kijiji changu kikapaa. Kisha akaniomba password, eti anilindie kijiji ninapokuwa kwenye cherehani. Nikampa. Na password yangu ilikuwa moja kila mahali, tangu siku niliyojifunza kuwasha kompyuta.

Siku moja nikakuta ghala tupu, kaacha ujumbe, "Mtani kapita." Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nikacheka, nikajenga upya.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu.

Jumatano moja akaandika kwenye chat, "Mtani, sina mke. Huna binti huko?"

Kwetu mtani kuomba binti ni sawa na kusalimia. Nikamjibu kama ambavyo mama yangu angejibu, "Ninaye. Anatoka Usoke Ijumaa na treni. Kampokee stesheni, ila uje na ng'ombe ishirini."

Nikabonyeza enter, nikarudi kwenye vifungo vyangu.

Binti yangu anaitwa Kabula. Ana miaka kumi na tano, yuko form two, alikuwa likizo kwa bibi yake huko Usoke.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kumpokea, nikachungulia game mara moja. Nikakuta ujumbe, "Nipo stesheni mtani. Ng'ombe wanafuata."

Nikaanza kuandika jibu la utani. Nusu ya sentensi mkono ukasita wenyewe. Sijui ni nini kilinifanya nifungue akaunti yangu nyingine, ninayochatia na Kabula, yenye password ileile.

Kulikuwa na ujumbe kutoka kwangu ambao sikuuandika mimi.

"Mwanangu, wateja wamenibana. Atakupokea mtani wangu, mjomba mwenye shati la bluu. Nenda naye, msalimie vizuri."

Chini yake Kabula kajibu, "Sawa mama."

Hata hilo neno "mwanangu" ndivyo ninavyoandika mimi. Maana yake alikuwa akisoma mazungumzo yetu kwa muda gani? Nikapiga simu ya Kabula, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani.

Nilitoka mbio, fundo la kanga halijakaza, gauni la mtu liko chini ya sindano na mlango wazi. Dereva wa bodaboda akaniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia aendeshe tu, maana niliogopa nikisema ndiyo itakuwa kweli. Mimi ni Mmoraviani wa Jumapili moja moja, lakini siku hiyo nilisali njia nzima kwa sauti, kijana wa watu akawa ananigeukia.

Treni ilikuwa imeshafika. Watu wanatoka na magunia, ndoo za asali, watoto mgongoni. Kila shati la bluu nililivamia. Mzee mmoja nilimshika kola, na mpaka leo sijui kama nilimwomba radhi. Nikaita jina la mwanangu mpaka sauti ikakauka. Watu wakazidi kupungua na Kabula simwoni. Niliogopa, wakuu. Niliogopa kiasi kwamba nilianza kufikiria alivaa nini, ili niweze kueleza.

Ndipo nikasikia, "Mama!"

Alikuwa pembeni kwa mama mmoja muuza karanga, na yule mama amemkamata kifundo cha mkono kwelikweli. Nilipofika akanizuia kwa mkono mwingine.

"Simama hapo hapo. Wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

"Sikuulizi wewe tena, namuuliza mtoto. Huyu ni nani?"

"Ndiye mama yangu mzazi," Kabula akasema. Hapo ndipo akamwachia.

Nilimkumbatia nikalia bila aibu. Kisha akanisimulia.

"Alikuja mwenye shati la bluu, jina langu analijua. Akasema yeye ni mtani wako, Mgogo. Nikamwambia, 'Mgogo wewe shikamoo sikupi, beba hilo begi kichwani kama babu yangu alivyobeba.' Akakunja uso, akasema sina adabu, akanivuta mkono twende haraka. Mama, mtani gani anakasirika? Nikapiga kelele, huyu mama akaja na wenzake, akakimbia."

Polisi waliniuliza jina lake. Miezi minne nacheka na mtu, sina jina. Lile la kwenye game tulipolitafuta halikuwepo tena. Wagogo mnisamehe, sidhani kama alikuwa hata jirani yenu.

Nilichojifunza: game za bure chezeni, mimi mwenyewe bado nacheza. Kila akaunti iwe na password yake, na usimpe mtu, hata akutumie mawe ya dunia nzima. Na utani una kwao. Mtani wa kweli unaijua nyumba yake, na siku ya msiba unamwona. Asiye na kwao ni mgeni tu anayekuchekesha.

Sasa ombi langu.

Jioni ile tunakula, Kabula akaniuliza, "Mama, siku ya treni yangu aliijuaje? Bibi alikupigia simu, hatukuiandika popote."

Nikamwambia hao watu wana mbinu zao. Akaamini. Siku hizi nikikaa kwenye kompyuta anavuta kiti pembeni yangu, eti ananilinda nisidanganywe tena.

Wenye watoto, nimwambie au ninyamaze? Semeni chochote, hata matusi nitayasoma. Mpaka sasa ni ninyi tu mnaojua.