Mkalimani wa Zahanati

Juzi zahanatini nilimkuta muuguzi mgeni akihangaika na bibi kutoka Chiwanda, aliyekuwa akieleza maumivu ya tumbo kwa Kinyasa. Nikajitolea kutafsiri. Nimemaliza darasa la saba, Kiswahili kitanishinda wapi?

Kwenye upande mtupu wa kalenda ya wanunuzi wa kahawa, muuguzi alikuwa akiunganisha kwa mistari maneno ya Kinyasa na ya Kiswahili, asije akampa mtu dawa isiyo yake.

Bibi akataja neno. “Inauma,” nikasema.

Akataja jingine. “Inauma.”

La tatu nikakohoa kwanza. “Inauma sana.”

“Mama, kwamba inauma hata mimi naona,” muuguzi akaniambia kwa upole.

Bibi akaushika mkono wangu. Akarudia neno la kwanza, akaniminya.

“Inabana!”

La pili, akanivuta ngozi na kuizungusha.

“Inasokota!”

La tatu, akanidunga ukucha.

“Inachoma! Inachoma, bibi!”

Muuguzi akachora mistari mitatu, akaenda kuchukua dawa. Bibi akaupuliza mkono wangu, kama ninavyompuliza mwanangu akianguka.

“Pole, mjukuu wangu,” akaniambia kwa Kinyasa. “Umetafsiri vizuri.”

Sifa nilizipokea mimi. Kazi ilifanywa na mkono.