Nilivyofukia Mashimo ya Mama Mkwe

Wakuu, kuna watu wanakataliwa ukweni kwa ulevi. Mimi nilikaribia kukataliwa kwa kuchapa kazi.

Mwaka 1991, enzi za ruksa, nilikuwa nauza mitumba Songea mjini. Nikampenda Lidwina, binti wa Umatengo, kule juu milimani. Nilimpenda mpaka usingizi ukakata.

Baba yake, mzee Leodegari, akanipa sharti.

"Binti yangu haolewi na mtu wa kupita. Utapanda mlima kuja huku kila msimu, mwaka mzima. Mlima ukikukubali, na mimi nitakukubali."

Julai nikapanda. Baridi ile, acheni tu! Nililala na makoti matatu ya biashara na bado meno yaligongana. Mzee akaguna.

Machi nikapanda tena, safari hii nimekuja kuonyesha bidii. Nikakuta mteremko mzima wa shamba umejaa mashimo, mamia kwa mamia.

Nikajisemea, masikini, fuko wamemmaliza mzee wa watu.

Jumapili wakaenda misa. Nikasingizia tumbo, nikashika jembe. Wanarudi, nimeshafukia mashimo arobaini na kusawazisha kama uwanja wa mpira. Nikasimama pale nasubiri sifa.

Mama yake Lidwina, mama Kunegunda, akaangusha rozari.

"Ngoro zangu! Nani kafukia ngoro zangu?"

"Shikamoo mama. Ni mimi. Nimewakomesha fuko."

Lidwina akaficha uso kwa kitenge.

Ndipo nikaambiwa. Yale mashimo huchimbwa makusudi, yanashika maji ya mvua ili udongo usiteremke bondeni. Wanaume hukata majani na kuyalaza, wanawake huchimba. Mama alikuwa amechimba wiki mbili, na kesho yake ilikuwa siku ya kupanda maharage.

"Tena Jumapili!" mzee akafoka. "Utayachimba upya, peke yako. Likibaki hata moja, usiniite baba."

Niliishiwa pozi. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia.

Nikachimba siku tano. Kijiji kizima kikaja kutazama mwanamume akichimba ngoro. Wanaume walicheka mpaka wakakaa chini. Wanawake hawakucheka. Walinitazama, halafu wakawatazama waume zao.

Siku ya sita wazee saba wakaingia uani. Nikajua kimenuka, natimuliwa. Msemaji wao, mzee Otto, akavua kofia.

"Leodegari, tunakuomba, muozeshe huyu kijana upesi ashuke Songea. Wake zetu wamegoma. Kila nyumba ni 'mkwe wa Kunegunda anachimba, wewe una nini?'"

Mama Kunegunda akacheka huko jikoni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Misimu mingine nikasamehewa. Jumapili iliyofuata ndoa yetu ikatangazwa kanisani.

Ila kuna kitu sikukifikiria. Lidwina naye alikuwa anatazama. Tuna shamba Mpitimbi, na tangu siku ile mpaka leo yeye hulaza majani, mimi nachimba.

Vijana, kabla hujamwonyesha mchumba unachoweza, jiulize kama utakiweza kwa miaka thelathini.