Sitaki Urudi

Mboni Pazi alikuwa ameinamia cherehani barazani kwake, Kisarawe mjini, aliposikia sauti yake mwenyewe ikija kutoka barabarani. Ilikuwa sauti yake ya miaka tisa nyuma, ila sasa imepigishwa mbio za singeli, na yamebakizwa maneno mawili tu: "Urudi! Urudi! Urudi, mpenzi!"

Akainua kichwa. Hamidu, aliyekuwa mumewe, amesimama mbele yake, simu juu.

"Umeniita, nimekuja."

"Sijakuita."

"Mboni, mpaka madereva wa malori kule Kwala wanasikia unavyoniita. Au ulikuwa unamwimbia mwingine?"

Mkono wa kulia wa Mboni ulienda wenyewe kushika wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, pale mfupa ulipounga upande. Jirani yake, Bi Mwanajuma, akatoka na ungo wa mchele, akasimama mlangoni kwake akitazama.

"Shikamoo, bibi," Hamidu alisema kwa adabu kabisa. Kisha akamgeukia Mboni, akashusha sauti. "Kesho kutwa, Ijumaa, baada ya swala. Nikute umefungasha."

Akaondoka taratibu, wimbo bado unalia mkononi.

Mboni ni mzaliwa wa Chole, kijijini huko huko Kisarawe, kwa wazazi wakulima wa mihogo. Usichana wake ulipita Kibaha, kwa shangazi yake, na huko Sofu akaimba kwenye bendi ndogo ya vijana walionogewa na muziki wa soul wa kizamani uliokuwa umerudi upya: tarumbeta mbili, kinanda, ngoma za polepole, mwimbaji anayesimama wima na kuutoa moyo wake wote. Hamidu alimwoa, akampiga mwaka mzima. Siku alipomkimbia, mkono umevunjika, Mboni aliwaambia watu ameanguka na bodaboda. Wiki mbili baadaye, mkono ungali umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, aliingia studio akarekodi wimbo wake mmoja tu maishani. Kiitikio kilikuwa hiki: "Sitaki urudi, mpenzi, sitaki urudi." Bendi ikavunjika, naye akarudi Kisarawe kushona sare za shule.

Alhamisi asubuhi alipanda bodaboda, wakakata njia ya Kiluvya mpaka Sofu. Zahoro, aliyekuwa mpiga kinanda wao, siku hizi ana studio nyuma ya duka la vipuri. Alimpokea kwa kelele.

"Dada Mboni! Shikamoo! Umeona remiksi yetu ilivyotoboa?"

"Neno langu umelipeleka wapi?"

"Neno gani?"

"Sitaki."

Zahoro akacheka kidogo, akaacha alipoona uso wake. "Dada, lilikuwa linakwamisha biti. Singeli inataka neno fupi. Ningekupigia, namba yako sikuwa nayo."

"Zima vyombo vyote. Nisikilizishe sauti yangu peke yake."

Akabonyeza. Sauti ikajaa chumba kidogo, tupu, inatetemeka. Katikati ya ubeti kikasikika kitu kikigonga chuma, ko, ko.

"Hii kelele ilinisumbua sana kuiondoa," Zahoro alisema. "Nini hiki?"

"Hogo. Linagonga stendi ya maiki. Sikuanguka na bodaboda, Zahoro. Hamidu alinivunja. Jana amekuja kunichukua, anasema nimemwita."

Zahoro alivua hedifoni. "Naufuta sasa hivi. Lakini uko kwenye simu za watu, dada. Huko siwezi kuufuata."

"Usifute. Nirudishie neno langu."

Mboni akasimama kwenye maiki. Biti ilimshinda mara mbili. Pumzi ilikata, na jasho likamtoka. Mara ya tatu aliacha kuimba, akapiga kelele: "Sitaki!" Ndipo mashine ikajibu "urudi!" na vyote viwili vikakaa. Kufikia alasiri Zahoro alikuwa ameutuma kwa kila mpiga muziki wa sherehe aliyemjua.

Lakini Mboni hakuuachia wimbo ulinde mlango wake. Aliporudi Kisarawe alipitia polisi, dawati la jinsia, akaeleza yote tangu mwanzo. Akatoka na barua ya kumwita Hamidu kituoni, akaipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Ijumaa Hamidu alifika na kanzu yake nyeupe. Alimkuta Mboni barazani, katikati ya Bi Mwanajuma na mwenyekiti.

"Mmeniandalia baraza la kunipokea?" akauliza, akiwasha simu.

"Zima," Mboni alisema. "Nitakuimbia mwenyewe."

Akaimba polepole, kama zamani, kile kiitikio kizima. Alipomaliza aliunyoosha mkono wa kushoto mbele ya watu. "Huu aliuvunja huyu. Niliwadanganya."

Bi Mwanajuma akasema "Ya Rabi!" Hamidu akapiga hatua moja mbele, macho yamebadilika. Mwenyekiti akasimama kati yao, mzee mwembamba, barua mkononi.

"Jumatatu saa tatu, kituoni. Ichukue, kijana."

Kisha Hamidu akaipokonya, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu hakwenda. Askari walimfuata wiki iliyofuata, na kesi yake ingali inaendelea. Mpaka Ramadhani ilipoingia Mboni alilala na meza imesukumwa mlangoni. Ile remiksi ya kwanza bado inapigwa. Watu wanaipenda zaidi kuliko ya pili, na kila inapomfikia sikioni yeye huongeza kasi ya cherehani.

Majuzi Zahoro alimpigia simu. Anataka kumrekodi tena, wimbo mpya, na tarumbeta za kweli.

"Nitakuja," Mboni alimwambia, "ila kabla hujautoa, nitausikiliza wote, mwanzo mpaka mwisho."